Taa ya Dashi Imewaka? Soma Hii Kabla Hujauziwa Altaneta Usiyohitaji: Mwongozo wa Ndai za Kitambo Kisii na Nyamira

Manze, tuanze na picha moja. Ni saa moja jioni, umetoka Keroka unaelekea Kisii mjini. Mvua ni ile ya kwetu, ya kila siku. Waipa zinafanya kazi, taa kubwa zimewaka, redio iko juu. Ghafla unaona kataa kekundu kenye umbo la betri kamewaka pale dashi. Gari bado inavuta poa, so unajiambia, "Hii nitaangalia kesho."

Kabla hujafika mjini, taa kubwa zinaanza kufifia. Waipa zinachoka. Injini inakohoa mara mbili, kisha kimya. Uko kwenye kona, giza totoro, hauna hata hazadi, na lori liko nyuma yako linateremka.

Hiyo taa ilikuwa imekupatia kama nusu saa ya kujiokoa. Shida ni kwamba hakuna mtu alikufunza kuisoma.

Huku Kisii na Nyamira wengi wetu tunaendesha magari ambayo yameona dunia: Probox, Toyota 100 na 110, Premio, Fielder, Vitz, Nissan Sunny, na Hiace za kubeba watu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia linaweza kukaa hapa miaka mingine 15 au 20. Waya zake zinazeeka. Ongeza mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, matope mekundu, na milima isiyoisha. Umeme wa gari lazima ulalamike.

Mwongozo huu haukufanyi uwe fundi. Unakufanya ujue lini uzime gari saa hiyo hiyo, lini unaweza kufika nyumbani, na lini fundi anakucheza.

Rangi kwanza, maswali baadaye

Taa za dashi zinafuata utaratibu kama wa taa za barabarani.

- Nyekundu: hatari. Tafuta mahali salama usimame sasa.
- Manjano au chungwa: kuna kasoro. Unaweza kuendelea pole pole, lakini usiizoee.
- Kijani au bluu: ni taarifa tu, kama indiketa na taa kubwa za juu. Magari kadhaa ya Toyota kama Vitz pia yana taa ya bluu ya kipimajoto. Hiyo inasema injini bado ni baridi, na itazima yenyewe ikipata moto.

Na kama gari lako kila asubuhi linakuongelesha Kijapani ukiliwasha, tulia. Mara nyingi ni kile kifaa cha kulipia barabara za Japani kinachosema hakuna kadi ndani. Hakuna kitu kimeharibika. Unaweza kukitoa au ukizoee tu.

Mtihani wa sekunde kumi

Huu ufanye kila asubuhi, na usinunue gari la mtu bila kuufanya. Zungusha ufunguo mpaka ON, lakini usipige stata. Angalia dashi. Taa ya betri, ya oili, ya injini, ya ABS na ya airbag zote zinafaa kuwaka. Ya ABS na ya airbag huzima zenyewe baada ya sekunde chache. Za betri, oili na injini huzima injini ikishawaka.

Sasa angalia ile *haikuwaka*. Hapo ndio watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna wauzaji wakishindwa kurekebisha kasoro hutoa balbu ya hiyo taa, ama wanaifunika na tepu nyeusi kutoka ndani. Dashi inaonekana safi kumbe ugonjwa uko palepale. Taa ya airbag isipowaka kabisa ukiweka ON, jua airbag yako inaweza kuwa haipo au haifanyi kazi. Hiyo utaijua siku ya ajali, na itakuwa too late.

Taa nyekundu nne za kuheshimu

*1. Oili (kale kakebe kanakodondosha tone).* Taa hii haikuambii oili ni chafu. Inakuambia presha ya oili imeshuka sana, na vyuma vya ndani vinasagana bila kulainishwa. Zima injini. Sio baada ya kufika petroli stesheni, sasa hivi. Dakika moja au mbili za ukaidi zinaweza kukugharimu injini nzima.

Ukishasimama mahali tambarare, ngoja dakika tano, vuta dipstiki uangalie. Kama oili iko chini, ongeza. Kama iko sawa na taa bado inawaka, inaweza kuwa ni swichi ya presha imekufa, ama pampu. Usibahatishe: mwite fundi apime presha na geji yake. Hapa kwetu kuna dalili nyingine: taa inamemeta tu ukipanda mlima mkali ama ukikata kona, kisha inazima kwenye tambarare. Mara nyingi oili imepungua, na kwenye mteremko inahama upande mmoja na kuacha pampu ikinyonya hewa. Usingoje iwake moja kwa moja.

*2. Betri.* Wengi wakiona alama ya betri wanakimbia kununua betri. Pole. Ikiwaka injini ikiwa inanguruma, taa hii mara nyingi inasema betri *haichajiwi*. Shida iko kwa altaneta, mkanda wake, ama waya kati yao. Kwanza fungua boneti uangalie mkanda. Kwa magari mengi mkanda huohuo ndio unazungusha pampu ya maji, so ukikatika injini itachemka pia. Hapo usiendelee hata kilomita moja.

Mkanda ukiwa mzima, una muda kidogo. Piga hesabu: taa kubwa mbili za wati 55 zinakula ampia 9 hivi. Pampu ya petroli, koili na kompyuta ya injini zinakula kama 10. Waipa na feni ya ndani zinaongeza nyingine kama 10. Jumla inakaribia ampia 30. Betri ya ampia-saa 45 ikiwa mpya ingekupeleka saa moja na kitu, lakini ya miaka minne pengine nusu ya hapo. So zima redio, feni ya ndani, kioo cha nyuma na chaja ya simu. Usizime taa kubwa kama ni usiku. Na usizime injini, kwa sababu huenda isiwake tena.

Kuna kamtego hapa: kwa baadhi ya magari ya zamani ya Japani, altaneta ikikufa, taa ya betri na ya breki huwaka *pamoja*. Kabla fundi hajafungua breki zako zote nne, mwambie apime chaji kwanza.

*3. Joto.* Kisii mjini iko mita kama 1,700 juu ya bahari. Kwa mwinuko huo, maji kwenye sufuria yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, sio 100. Ndio maana kifuniko cha rejeta ni kitu cha maana sana huku: kinafunga presha ndani ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, ukiongeza maji ya mtoni badala ya kuulanti, ukiongeza mlima na abiria tisa kwa Probox, hiyo ni supu.

Sindano ikipanda au taa nyekundu ikiwaka: zima eesi, washa hita ya ndani kwa nguvu zote (ndio, utatokwa na jasho, lakini inavuta joto kutoka kwa injini), simama, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Ngoja angalau nusu saa. Watu wameungua uso kwa hiyo haraka.

Mara nyingi chanzo ni umeme: feni ya rejeta haizunguki. Injini ikishapoa, iwashe, kisha washa eesi. Kwa magari mengi feni inafaa kuzunguka hapo hapo. Isipozunguka, angalia fyuzi yake, kisha rilei, kisha plagi ya feni yenyewe. Usikubali kuuziwa rejeta mpya kabla ya hayo matatu kuangaliwa.

*4. Breki.* Kitu cha kwanza: je, breki ya mkono imeshuka kabisa? Kama imeshuka, fungua boneti uangalie kiwango cha mafuta ya breki. Kikiwa chini, kuna sababu mbili. Ama pedi zimeisha, kwa sababu zikiisha mafuta hushuka kwenye kikopo, ama yanavuja mahali. Kuongeza mafuta tu na kuendelea na safari ni kuficha ushahidi. Ukiteremka kutoka Manga na pedi zimebaki chuma, hiyo si hadithi tunataka kuandika.

Kanyaga pedali: ikizama mpaka chini ama ikiwa laini kama sponji, gari halitoki hapo. Liitiwe fundi palepale ama livutwe.

Taa za manjano: usiogope, usizizoee

*Taa ya injini.* Ikiwa imetulia tu, gari linaweza kufika nyumbani. Ikiwa inapepesa na gari linatetemeka, silinda moja haichomi vizuri. Petroli mbichi inaenda mpaka kwa ekzosi na kuchoma kile kichujio cha moshi, ambacho ni ghali. Punguza kasi, usikanyage sana, nenda kwa fundi siku hiyo hiyo.

*ABS.* Breki za kawaida bado zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla kwenye matope. Mara nyingi ni senza ya gurudumu iliyojaa tope, au waya yake imekatika karibu na shoki. Lakini ABS ya manjano *na* breki nyekundu zikiwaka pamoja, na mafuta ya breki yako sawa na breki ya mkono iko chini, ichukulie kama hatari: magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza na gari likazunguka.

*Airbag.* Kama taa imewaka na honi pia imekufa, mshuku mkubwa ni ule utepe wa waya uliozungushwa chini ya usukani. Kitu kimoja, dalili mbili. Onyo: plagi za airbag huwa za rangi ya njano. Usiziguse na taa ya majaribio wala mita. Fundi lazima achomoe betri na angoje angalau dakika moja na nusu kabla ya kufungua usukani.

*O/D OFF.* Hii imeliza wasee wengi bure. Kwa Toyota za otomatiki, ni kitufe kilicho kwenye mkono wa gia. Umekibonyeza na goti bila kujua. Kibonyeze tena, taa inazima. Lakini kama *inapepesa* yenyewe, hapo gia boksi ndiyo inalalamika.

*EPS, kwa Vitz na ndugu zake.* Usukani wa umeme unahitaji stima ya kutosha. Ikiwaka na usukani ukawa mzito, pima betri na chaji kwanza kabla ya kununua usukani wa ex-Japan.

*Dizeli.* Wale wa Hiace: ile taa ya koili ni ya plagi za joto. Asubuhi ya baridi kule Nyansiongo ingoje izime ndio upige stata. Taa ya kichujio cha mafuta inasema maji yamejaa chini ya kichujio, yamwage kabla hayajaua pampu. Na T-BELT haisemi mkanda umekatika. Inakukumbusha kuubadilisha, kawaida kwa kila kilomita 100,000. Lakini kama kilomita zilirudishwa nyuma na mtu, hiyo taa haijui ukweli. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Mita ya mia kadhaa inaokoa elfu kadhaa

Nunua multimita ndogo ya kawaida. Inapatikana kwa maduka ya vifaa vya stima mjini kwa mia kadhaa tu. Iweke kwa volti za DC, 20. Waya nyekundu kwa positive ya betri, nyeusi kwa negative. Namba za kukariri ni hizi:

- Gari imelala usiku kucha, haijawashwa: volti 12.6 ni betri imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 kushuka, betri imekwisha chaji.
- Ukipiga stata: isishuke chini ya 9.6 au 10 hivi. Ikishuka na ilikuwa imejaa, betri imechoka.
- Injini ikinguruma: 13.8 mpaka 14.5. Hapo altaneta iko poa.
- Injini ikinguruma na bado unasoma 12.5 na inashuka: haichaji.
- Inasoma zaidi ya 15: inachaji kupita kiasi. Betri itachemka, balbu zitaungua kila wiki, na kompyuta ya gari iko hatarini.

Kisha washa taa kubwa, feni ya ndani na kioo cha nyuma, upime tena. Ikibaki juu ya 13.2 hivi, altaneta ina nguvu. Dakika tatu tu, na tayari unajua zaidi ya yule jamaa anayekuambia "hii ni altaneta tu, boss" kabla hajashika hata spana.

Na kuna mchezo mmoja ukome leo: kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu altaneta." Mtindo huu ulianza na magari ya zamani sana yasiyo na kompyuta. Kwa Probox au Fielder, ukichomoa betri volti zinaweza kuruka ghafla na kuua kompyuta ya injini. Fundi akianza kulegeza kichwa cha betri gari likinguruma, msimamishe kwa heshima, umpe mita yako.

Ugonjwa ambao kila mtu anausahau: ethi

Stima ya gari inatoka positive, inafanya kazi, kisha lazima irudi negative. Njia ya kurudi ni bodi ya gari na zile waya nene zinazounganisha betri, bodi na injini. Hiyo ndiyo ethi. Huku kwetu, mvua na matope huila mpaka inakuwa unga wa kijani.

Dalili zake ni za uchawi: ukiweka indiketa, taa ya breki inapepesa. Ukikanyaga breki, dashi inawaka kama krismasi. Stata inanguruma leo, kesho inatoa tu "tik". Taa za nyuma moja ni kali, nyingine hafifu. Ukiona vitu viwili visivyohusiana vinaingiliana, shuku ethi kabla hujashuku jirani.

Ipime hivi: mita kwa volti, waya moja kwa negative ya betri, nyingine kwa chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, hiyo waya haipitishi vizuri. Dawa ni bei ya chai: fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga vizuri, paka grisi. Fanya hivyohivyo kwa vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani utoe kwa maji ya moto yenye magadi, ukiwa umechomoa betri. Negative hutoka kwanza, na hurudi mwisho.

Stata ngapi, altaneta ngapi zimenunuliwa Kisii kwa sababu ya bolti moja yenye kutu? Hatutahesabu, tutalia.

Betri inakufa usiku gari likiwa limelala

Jioni iko poa, asubuhi imekufa, na mita inasema altaneta ni nzima. Hapo kuna kitu kinakunywa stima usiku. Gari la kawaida likilala linatumia chini ya ampia 0.05, kwa ajili ya saa na kumbukumbu. Likikunywa ampia 0.5, betri ya ampia-saa 50 inaisha kwa saa 100, na kwa siku mbili tu huenda isiweze kuzungusha stata.

Washukiwa wa kawaida: taa ya buti isiyozima, alamu ya mtaani, traka, katauti ya kuzuia wizi, redio iliyofungwa na mtu wa haraka, na amplifaya ya wale wa kupenda besi. Kila mtu aliyewahi kugusa hizo waya aliacha tepu na kiungo kilichosokotwa kwa mkono.

Kumkamata mwizi: zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Chomoa negative. Hamisha waya ya mita kwenye tundu la ampia 10, kisha weka mita *katikati* ya negative ya betri na waya yake. Ngoja nusu saa gari lilale. Soma. Kama ni zaidi ya 0.05, toa fyuzi moja moja. Ile ukitoa namba inaanguka, mwizi yuko kwa hiyo laini. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaichoma.

Fyuzi sio ya kudharau

Rangi zina maana: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ikikatika inakuambia kuna waya imegusana mahali. Weka nyingine ya namba *hiyo hiyo*. Ikikatika tena, tafuta chanzo. Ukiweka kubwa zaidi, karatasi ya sigara au kipande cha waya, fyuzi haitakatika tena, ni kweli. Kitakachoungua ni waya ndani ya dashi, na gari nzima nyuma yake.

Mvua, panya na kosho

Gari linalokataa kuwaka asubuhi ya mvua tu lina unyevu kwa plagi au koili. Kama ni Toyota 100 yenye waya za plagi, fungua boneti usiku kwenye giza injini ikinguruma, bila kugusa kitu. Ukiona vicheche vya bluu vinarukaruka juu ya waya, zimepasuka. Badilisha seti nzima.

Kosho nazo: kupiga injini na maji ya presha ndio ionekane safi kwa mnunuzi huingiza maji kwa plagi na senza. Siku mbili baadaye taa ya injini inawaka. Kitambaa na brashi vinatosha.

Na ukilaza gari karibu na ghala la mahindi, panya watakuja kujipasha moto chini ya boneti, kisha watakula waya. Fungua boneti mara kwa mara uangalie vinyesi na maganda.

Kusoma namba za kosa

Magari yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na ya petroli huko Ulaya tangu 2001, yanaongea lugha moja na skana yoyote. Yetu mengi yalitengenezewa soko la Japani, na hapo skana ndogo ya Bluetooth inaweza kukataa kabisa kuongea na gari. Haimaanishi kompyuta imekufa. Tafuta fundi mwenye skana inayojua Toyota au Nissan za Japani.

Kwa Toyota za miaka ya 90 hauhitaji hata skana. Chini ya boneti kuna kaboksi kameandikwa DIAGNOSTIC. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha uweke ufunguo ON bila kupiga stata, taa ya injini inapepesa namba. Mbili, pumzi, mbili ni 22: senza ya joto la maji. 21 ni senza ya oksijeni. 31 ni ya kupima hewa. 41 ni ya mkao wa throtoli. 52 ni ya kugonga kwa injini. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa limehifadhiwa. Hakikisha ni matundu hayo mawili tu. Ukikosea unaweza kuchoma kitu.

Lakini sikia vizuri: namba inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Namba 22 haisemi "nunua senza". Inasema laini ya senza ya joto ina shida. Inaweza kuwa senza, plagi yenye kutu, au waya iliyoliwa na panya. Angalia waya kwanza.

Jinsi ya kuongea na fundi

Mafundi wa jua kali wa huku wanajua kazi, na wengi wameweka haya magari barabarani wakati vipuri havipo. Wasaidie wakusaidie. Usiseme tu "gari ni mbaya". Sema: taa gani, rangi gani, ilianza lini, ilikuwa mvua au jua, mlimani au tambarare, na mita ilisoma ngapi. Fundi akiwa omogaka wa miaka mingi kwa hiyo kazi, atakuheshimu zaidi ukija na namba kuliko ukija na hasira.

Kisha uliza maswali matatu:

1. "Umepima nini mpaka ukajua ni hiyo?"
2. "Tukiweka mpya na shida ibaki, tutafanyaje?"
3. "Naomba ile ya zamani nirudi nayo."

Fundi wa ukweli hatakasirika. Yule wa kubahatisha ataanza kukuna kichwa.

Ya kukumbuka ukisahau yote

Oili au joto ikiwaka nyekundu, zima. Breki nyekundu, simama. Betri nyekundu, angalia mkanda, zima vinavyokula stima, elekea palipo na watu. Injini ya manjano imetulia, enda pole. Ikipepesa, siku hiyo hiyo kwa fundi. Taa isiyowaka ukiweka ON ni ya kushuku kuliko ile inayowaka.

Na weka kwa buti hivi vitu: mita, fyuzi za rangi zote, tochi, jampa kebo, lita tano za maji, na pembetatu za hazadi. Kesho asubuhi ukienda kazi, kabla ya stata, fanya ule mtihani wa sekunde kumi. Hesabu taa. Kisha mtumie hii yule msee wako wa Probox ambaye kila wiki anasukumwa na watoto wa shule. Endesha salama.